Ufa wa Kajificheni

Methali inanitaka niuzibe.
Mimi nimeajiriwa nisiuguse.

Nimegundisha kihisi, kidogo kama tende,
ngazi ya pili, pale ukuta ulipoachana na ukuta,
mguu mmoja ng'ambo hii, mmoja ng'ambo ile,
na betri ndani ya kopo la maziwa ya unga
panya wasiijue.
Thuwein mwenye nyumba alishapaka saruji mara tatu.
Saruji juu ya chokaa
ni shati la nailoni kwa mgonjwa wa homa:
jiwe linatoka jasho, jasho halina pa kutokea,
na ufa unaendelea na safari yake chini ya rangi mpya,
mtiifu kwa jina la mtaa.

Wiki ya kwanza nilidhani kifaa kibovu.
Saa nane za usiku ufa unafunguka.
Jua likipanda, unarudi.
Unafunguka, unarudi.
Nyumba gani hii yenye mapafu?

Nikampigia Salhina wa ghorofa ya tatu.
"Saa nane za usiku mnafanya nini?"
"Suala gani hilo kumuuliza mke wa mtu?"
Kisha akacheka mpaka akakohoa.
"Maji, Mwatima! Maji ya mtaa huja saa nane.
Tunajaza."

Matangi mawili juu ya paa, lita elfu, elfu.
Tani mbili zinapanda gizani kwa mpira wa kijani
na kukaa juu ya boriti za mikoko
zilizokatwa kabla babu yake Thuwein hajazaliwa.

Basi nikaanza kuwasoma.
Ijumaa mstari unashuka mapema: josho, kanzu.
Ramadhani una vilima viwili.
Siku ya arusi ya Raya ulishuka hata sikuamini,
ndoo kwa ndoo, masufuria ya biriani,
na ufa ukafumba kama jicho la aliyeshiba.
Sikualikwa.
Lakini nilijua saa waliyomaliza vyombo.

Ofisini nikaandika: hakuna hatari.
Kinachokwenda kikarudi ni pumzi.
Cha kuogopa ni kisichorudi.

Ikaingia masika.
Usiku wa kuamkia Jumanne ulifunguka kama kawaida yake.
Asubuhi wakaoga. Wakafua.
Nikauliza, nikaambiwa matangi makavu, yanalia ukiyagonga.
Mstari haukushuka.

Sehemu nne za kumi za milimita.
Unene wa ukucha.
Thuwein akaja na tochi, akaja na miwani ya mkewe,
akapitisha kidole juu ya saruji yake.
"Kwa hili unanitolea wapangaji?"
Sikuwa na cha kumwonesha ila simu,
na ndani ya simu mstari uliopanda ngazi
ukasahau njia ya kuteremkia.

Salhina alikuwa nyuma yetu, mtoto kiunoni.
"Mlango wa choo," alisema, "tokea jana komeo haliingii."
Hakuniuliza kitu tena.
Alikwenda kukunja magodoro.

Siku ile ile tukatia miti ya kuegemeza, kumi na moja,
matangi yakateremshwa kwa kamba,
vijana wakigombana nani ashike wapi.
Ukuta haukuanguka.
Wiki ya pili watu wakaanza kusema
kwani ulikuwa uanguke?
Thuwein bado ananidai kodi ya mwezi mmoja, nusu utani.
Siwezi kumbishia. Ushahidi wangu
ni kifusi ambacho hakipo.

Sasa matangi yamekaa chini uani, juu ya zege.
Wamerudi wote. Mstari umelala kama uzi mezani,
na ndivyo nilivyotaka uwe.
Ila usiku saa nane hushituka bado,
nikaiwasha simu, nikatazama,
na sijui tena
kama maji yamekuja.